Rokenroli: kazi ya nani, jina la nani?

Mtu anaweza kutuuliza: kijitabu cha mila na desturi zetu kinatafuta nini kwa muziki wa Marekani? Swali ni la haki. Sisi tunaofundisha historia sekondari tunalipata kila mwaka kwa namna ingine. Ukiuliza wanafunzi nani alianzisha rokenroli, wale wachache wenye kuijua wanajibu: Elvis Presley, basi. Ukiwauliza tena kama muziki ule una undugu na Afrika, wanacheka. Kwao ni mambo ya wazungu, magitaa ya kelele na nywele ndefu. Lakini njia ya muziki ule ilipita katika uwanja wenye jina la inchi yetu. Tena ndani ya historia yake kuna jambo moja linalotuhusu sisi wote tunaokusanya nyimbo za wazee: mikono iliyofanya kazi ni ya huyu, na jina lililoandikwa juu ya karatasi ni la yule.

Tuanze na mji wa New Orleans. Wafaransa waliuanzisha mwaka wa 1718, karibu na mahali mto Mississippi unapoingia baharini. Sheria yao ya watumwa, iliyotangazwa Louisiana mwaka wa 1724, ilikataza kuwatumikisha siku ya Mungu. Siku ile watumwa walikuwa wanauza mboga zao, wanapiga ngoma, wanacheza. Mwaka wa 1817 wakubwa wa mji wakaamuru mikutano hiyo ifanyike mahali pamoja tu, kwenye uwanja wa nyuma ya mji. Uwanja huo uliitwa Congo Square, ni kusema Uwanja wa Kongo. Mjenzi mmoja wa Marekani, Benjamin Latrobe, alipita pale mwaka wa 1819. Akakadiria watu 500 au 600 wakiwa wamejipanga kwa miduara, akachora ngoma zao na chombo kimoja cha nyuzi chenye sanamu ya mtu juu yake. Si wote walitoka Kongo. Wengi walitoka Senegambia na pwani ya Benin. Wakongo waliongezeka hasa wakati Wahispania walipotawala. Lakini jina lililobaki ni la Kongo, na baraza la mji lilirudilia kulitambua rasmi mwaka wa 2011. (Tusijidanganye pia: Kongo ile ni ya Mbanza Kongo na Loango. Watu wa upande wetu wa mashariki waliochukuliwa utumwani, wengi walisukumwa kuelekea bahari ya Hindi.)

Mahali pengine ngoma ilikatazwa kabisa. Huko South Carolina, mwaka wa 1739, watumwa waliasi karibu na mto Stono. Wanahistoria wanasema wengi wa waasi walikuwa wametoka Angola na ufalme wa Kongo. Walitembea wakipiga ngoma ili wenzao wawafuate. Wakubwa walielewa vizuri kazi ya ngoma ile, kwani mwaka uliofuata walitunga sheria ya kuikataza. Lakini utakatazaje mguu kupiga chini? Utafungaje mikono isipige makofi? Mpigo ukahamia ndani ya mwili: kwa miguu, kwa viganja, kwa sauti ya mmoja anayeimba na kundi linaloitikia, namna tunavyojua sisi katika ngoma za matanga na za ndoa. Na nyumba iliyoulinda kuliko zote ni kanisa.

Ndiyo sababu hatuwezi kusema habari za rokenroli bila kumtaja mwanamke wa kanisa, Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa Arkansas mwaka wa 1915, akakua pamoja na mama yake mhubiri, gitaa mkononi tangu utoto. Mwaka wa 1938 alirekodi diski zake za kwanza, na mwaka wa 1945 wimbo wake Strange Things Happening Every Day ukapanda sana kwenye orodha ya muziki wa Weusi. Gitaa lake lilikuwa la umeme, alilipiga kwa ukali ambao wanaume walikuja kuuiga baadaye. Watu wa kanisa walimnung'unikia, sababu aliingiza nyimbo za Mungu katika mabaa na majumba ya dansi. Na neno lenyewe lilikuwa na maana mbili: kanisani lilikuwa kutikisika kwa ajili ya Roho; nje lilikuwa mambo ya bwana na bibi chumbani. Mwimbaji Trixie Smith alikuwa amekwisha kuliimba kwa maana hiyo ya pili mwaka wa 1922, wakati Elvis hajazaliwa. Wazee wetu wanaotuzuia kuchanganya kwaya na rumba watatambua hapa ugomvi wao wenyewe.

Kati ya mwaka wa 1910 na 1970 Weusi karibu milioni sita walihama kusini mwa Marekani kwenda miji ya viwanda. Mashambani gitaa moja lilitosha. Ndani ya baa ya Chicago, kati ya kelele za watu waliotoka kazini, lilihitaji umeme. Muddy Waters alifika Chicago mwaka wa 1943, na kisha vita orkestra kubwa za watu kumi na tano zilishindwa kulipwa. Zikabaki bendi ndogo zenye piano, saksofoni, gitaa na batri iliyopiga kwa nguvu. Hapo ndipo muziki mpya ulipozaliwa, na si kwa siku moja. Wengine wanataja wimbo Rocket 88, uliorekodiwa Memphis mwaka wa 1951 na bendi ya Ike Turner. Bafle ya ampli yao ilikuwa imeharibika njiani, wakaijaza karatasi, ikatoa mlio wa kukwaruza ambao watu waliupenda. Ilikuwa hasara, ikageuka mtindo. Lakini diski ilipotoka, haikuwa na jina la bendi ya Turner: iliandikwa jina la Jackie Brenston, aliyeimba.

Sisi tunapenda zaidi kutaja New Orleans. Juu ya Rampart Street, barabara ileile inayopakana na Uwanja wa Kongo, Cosimo Matassa alikuwa na studio ndogo nyuma ya duka. Tarehe 10 Desemba 1949 kijana mnene, Fats Domino, mtoto wa familia iliyozungumza kreoli ya Kifaransa, alirekodi pale The Fat Man. Mwaka wa 1955, katika studio hiyohiyo, Little Richard akarekodi Tutti Frutti. Watu walioimba na kupiga ngoma kwa ruhusa ya siku moja tu kwa juma, wajukuu wao walikuwa sasa ng'ambo ya barabara wanapiga muziki utakaozunguka dunia.

Msomaji anayependa rumba afanye jaribio dogo. Atafute wimbo wa kwanza wa Bo Diddley, wa mwaka wa 1955, apige makofi juu ya mpigo wake: matatu, halafu mawili. Ataona ni ule ule wa vijiti vya klave katika muziki wa Cuba, ambao ulirudi kwetu kwa diski za GV tangu miaka ya 1930 na kuingia katika rumba ya Léopoldville. Bo Diddley hakuutoa Cuba kwa lazima. Weusi wa Marekani walikuwa nao tayari katika michezo yao ya kupiga mapaja na kifua. Ni ndugu waliotenganishwa. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia mwaka wa 2021, na tulifurahi. Huyu ndugu mwingine, sisi hatumtambui hata kwa sura.

Sasa tuje kwa karatasi, maana hapa ndipo penye uchungu. Mpaka mwaka wa 1949 gazeti Billboard liliweka diski za Weusi katika orodha ya peke yake, iliyoitwa ya diski za kabila. Mwaka ule ilibadilishwa jina, lakini ukuta ulibaki. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1909 ililinda utungo, ni kusema maneno na sauti zilizoandikishwa, na kila diski moja ililipia senti 2 kwa mwenye utungo. Namna ya kuimba na kupiga, pumzi yenyewe ya mwanamuziki, haikulindwa. Mwenye studio nyingine aliweza kuiga yote siku ya pili. Kwa hiyo mali ilikuwa ya yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Na vijana wengi wa Weusi walisaini kontra ambazo hakuna mtu aliyewaeleza.

Little Richard aliuza haki za Tutti Frutti kwa dola 50, akabaki na nusu senti kwa kila diski. Muda mfupi baadaye mzungu Pat Boone akauimba wimbo huo kwa upole, na diski yake ikapanda juu kuliko ya mwenyewe. Chuck Berry alirekodi Maybellene mwezi wa Mei 1955, kisha akaona watungaji wamekuwa watatu: yeye, mtangazaji wa redio Alan Freed, na mtu mmoja aliyefanya biashara ya karatasi na vitu vya ofisi. Freed hakutunga hata neno. Aliandikwa ili apige diski kwenye redio. Majina hayo mawili yaliondolewa mwaka wa 1986, miaka 31 baadaye.

Freed huyu tusimlaani tu. Ni yeye aliyepiga muziki wa Weusi kwa vijana wa rangi zote huko Cleveland tangu mwaka wa 1951, na ni yeye aliyeeneza jina la rokenroli. Dansi aliyoitayarisha tarehe 21 Machi 1952 ilivuta watu wengi kupita nafasi ya jumba, polisi wakaifunga ikiwa inaanza. Mtu anaweza kufungua mlango kwa mkono wa kuume na kuchukua mfukoni mwa wengine kwa mkono wa kushoto.

Na Elvis? Alizaliwa Tupelo mwaka wa 1935 katika umaskini, akasikiliza kanisa na bluzi za majirani Weusi. Tarehe 5 Julai 1954, huko Memphis, alirekodi That's All Right, wimbo wa Arthur Crudup wa mwaka wa 1946. Siku tatu baadaye redio ya mji iliupiga mara nyingi usiku mmoja. Mtangazaji akamwita studio na kumuuliza alisoma shule gani. Swali dogo hilo! Shule zilitenganishwa kwa rangi. Kwa kutaja shule, wasikilizaji walijua kwamba kijana ni mzungu. Mwishoni mwa mwaka wa 1955 kampuni ya RCA ilinunua kontra yake kwa dola 35,000. Mwaka wa 1956 akaimba Hound Dog, ambao Big Mama Thornton alikuwa ameurekodi mwaka wa 1952 na kuufikisha wa kwanza katika orodha ya Weusi. Thornton alisema alipata cheki moja tu ya dola 500. Haki iseme pia: wimbo ule ulitungwa na vijana wawili wazungu, Leiber na Stoller. Na Elvis mwenyewe alisema wazi kwamba Weusi waliimba namna hiyo zamani kabla yake. Hakuwa mwizi. Alipita tu mlango ambao wengine walifungiwa.

Ukuta ule haukuwa wa diski peke yake. Kusini, katika majumba mengi ya dansi, kamba ilitenganisha vijana weupe na weusi, na muziki ulipopamba moto kamba ilianguka. Wabaguzi waliliona hilo. Tarehe 10 Aprili 1956, huko Birmingham, watu wa chama cha ubaguzi walipanda jukwaani wakamshambulia mwimbaji Nat King Cole, ambaye hata hakuimba rokenroli.

Kipindi cha kwanza kilikwisha haraka. Little Richard aliacha yote kwa ajili ya mahubiri mwaka wa 1957, Elvis akaingia jeshi mwaka wa 1958, Buddy Holly akafa kwa ndege tarehe 3 Februari 1959, na Chuck Berry akafungwa gerezani mwaka wa 1962.

Arthur Crudup, yeye, alikuwa amechoka mapema. Katika miaka ya 1950 aliacha kurekodi, akarudi kwenye kazi za shamba. Diski za Elvis ziliuzwa kwa mamilioni, na Crudup hakupata haki zake za mtungaji. Mwaka wa 1971 meneja wake alifikia mapatano ya dola 60,000. Mzee akasafiri mpaka New York pamoja na watoto wake, akatia sahihi. Lakini mkubwa wa kampuni iliyoshika haki za wimbo akakataa kutia yake, wakatoka mikono mitupu. Crudup alikufa mwaka wa 1974. Baadaye kampuni ile ilipotaka kuuzwa, wanunuzi hawakutaka kurithi kesi, na hapo ndipo malipo yalipoanza kuwafikia watoto wake.