Redio za mkononi: Kifaa kidogo, nidhamu kubwa

NI nadra kupita langoni mwa benki, hoteli au jengo la ghorofa nyingi jijini Nairobi bila kumwona bawabu mwenye kidude cheusi kiunoni, kikikwaruza na kutoa sauti za wenzake. Wengi hukiita wokitoki. Polisi na walinzi hukiita redio tu.

Licha ya simu za mkononi kuenea hadi vijijini, redio hizi hazijatupwa. Simu hutegemea mlingoti wa kampuni ya mawasiliano. Mlingoti ukikosa umeme, au maelfu ya watu wakipiga kwa wakati mmoja penye mkasa, simu haifai kitu. Redio mbili za mkononi huzungumza moja kwa moja, bila mlingoti na bila salio. Isitoshe, anayezungumza husikika papo hapo na wote walio kwenye chaneli hiyo, bila kumpigia mmoja mmoja.

Miongoni mwa wabunifu wa mwanzo wa redio za kubebwa ni Donald Hings wa Canada, aliyeunda yake mwaka wa 1937. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kampuni ya Motorola iliwatengenezea wanajeshi wa Marekani redio ya SCR-536, iliyoshikwa kwa mkono mmoja.

Msingi wa matumizi haujabadilika. Ubavuni mwa redio mna kitufe. Kikibonyezwa, redio hutuma sauti, kikiachiliwa, hupokea. Haifanyi yote mawili kwa pamoja. Watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, hakuna amsikiaye mwenzake, na wengine huambulia mkwaruzo.

Redio nyingi za kazini hutumia mojawapo ya mafungu mawili ya masafa. Yale ya VHF, kati ya megahezi 136 na 174, hufaa zaidi mahali pa wazi kama mbugani na baharini. Ya UHF, aghalabu kati ya megahezi 400 na 470, hufaa zaidi ndani ya majengo. Nguvu ya redio hizo kwa kawaida ni wati 4 au 5.

Mnunuzi asidanganywe na maandishi ya kwenye pakiti yanayoahidi makumi ya kilomita. Hayo huwezekana tu mtu akiwa mlimani na mwenzake bondeni, pasipo kizuizi. Mjini, penye kuta za saruji na vyuma, kilomita moja au mbili ni nyingi. Panapohitajika masafa marefu, huwekwa mtambo mahali palipoinuka, ambao hupokea sauti na kuitangaza upya kwa nguvu zaidi.

Mtambo huo ukiwepo nao usitumiwe ipasavyo, gharama yaweza kuwa maisha ya watu. Mnamo Septemba 11, 2001, jijini New York, jengo la World Trade Center lilikuwa na mtambo wa aina hiyo kwa ajili ya wazima moto. Tume iliyochunguza shambulio hilo ilieleza mwaka wa 2004 kwamba kitufe kimoja kati ya viwili vilivyohitajika hakikuwa kimewashwa, na wakuu waliokuwa katika mnara wa kaskazini wakadhani mtambo ni mbovu.

Mnara wa kusini ulipoporomoka, amri ya kuondoka ilitolewa katika mnara wa kaskazini, lakini baadhi ya wazima moto hawakuisikia. Polisi, waliokuwa na wenzao angani kwa helikopta, walitumia redio zao tofauti. Baada ya dakika 29, mnara wa kaskazini nao ukaanguka. Wazima moto 343 walifariki siku hiyo.

Kutokana na mikasa ya aina hiyo, kanuni za kuzungumza redioni hufundishwa kwa ukali. Mtumiaji husikiliza kwanza kama chaneli ina nafasi. Hubonyeza kitufe, akangoja kama sekunde moja, ndipo aseme. Anayeharakisha hukatwa neno la kwanza, na neno hilo laweza kuwa "usi". Humtaja anayeitwa, kisha hujitaja mwenyewe. Ujumbe huwa mfupi, na mpokeaji huurudia ili kuthibitisha.

Baharini, kanuni hizi ni za kimataifa. Chaneli ya 16 ya VHF, yaani megahezi 156.8, imetengewa wito na dharura. Nahodha aliye hatarini hutamka neno "Mayday" mara tatu, akataja chombo chake, mahali alipo, tatizo na idadi ya watu. Redio ya mkononi ya baharini isiyoingia maji ni kinga ya maana kwa mvuvi, mradi akumbuke kwamba hufika kilomita chache tu.

Aidha, mazungumzo ya redio za kawaida si siri. Zile namba za ziada zinazouzwa kama "chaneli za faragha" humzuia mtumiaji kusikia wengine, lakini hazimzuii mwingine kumsikia yeye. Anayehitaji usiri hana budi kununua redio ya dijitali yenye kuficha sauti kwa msimbo.

Sheria nayo isipuuzwe. Nchini Kenya, masafa ya redio za kazini hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na vifaa vyenyewe huhitaji kuidhinishwa. Redio inayotumika bila leseni huko Marekani au Ulaya si lazima iwe halali hapa, kwani masafa yake huenda yamepewa wengine.

Jambo la mwisho ni betri. Saa zinazotajwa na watengenezaji mara nyingi hukadiriwa kwa redio inayotuma asilimia 5 ya muda, kupokea asilimia 5 na kutulia asilimia 90. Anayezungumza mno huimaliza mapema. Kwa hivyo, penye kazi ya hatari, zamu njema huanza kwa kila mmoja kuitwa redioni na kuitika. Asiyeitika hutafutwa kabla ya kazi kuanza.