Stesheni isiyo na treni: nilivyoikosea reli ya Nachingwea

Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na kiranja wa zamu alikuwa anakigonga kwa nondo. Mlio wake ulifika mpaka nyumbani kwa bibi, na ukiusikia ukiwa bado unapiga mswaki ulijua kabisa leo ni viboko. Najua shule nyingi za Tanzania zina kengele ya namna hiyo, na pengine unajiuliza hilo nalo ni la kusimulia? Subiri kidogo. Nachingwea hatuna reli. Mimi treni niliiona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, nikiwa na ndevu tayari. Lakini tuna kata inaitwa Stesheni, watu wanazaliwa huko, wanaoa huko, wanagombea udiwani huko, na hakuna treni.

Siku moja darasani nilinyoosha kidole nikamuuliza mwalimu, hii reli ya kengele ilitoka wapi? Akajibu, "Ilikuwapo hapa, wakaing'oa." Nani waliing'oa? "Serikali. Kaa chini."

Basi nikakaa chini, na jibu lile nikakua nalo. Kila mtu wa Kusini ninayemjua amekua nalo. Ukikaa kijiweni Nachingwea, Masasi au Mtwara, yakianza mazungumzo ya kwa nini Kusini tumeachwa nyuma, dakika tano hazipiti reli inatajwa. Mmoja anasema vyuma vilipelekwa kaskazini, mwingine anasema viliuzwa, mwingine anaapa kabisa kwamba tuliadhibiwa. Hakuna anayebisha. Utabisha vipi wakati tuta la reli bado unalikuta porini, limeota miti?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nikaandika makala kuhusu jambo hilo. Sitalitaja gazeti, maana kosa lilikuwa langu. Niliandika kwa hasira ya kijana aliyetoka Kusini, kwamba baada ya uhuru wang'oaji walikuja wakaiba reli yetu kwa makusudi ili Kusini kusiendelee. Sikuwa na chanzo hata kimoja zaidi ya mwalimu wangu wa darasa la nne. Makala ilipendwa sana! Watu wa nyumbani walinipigia kunipongeza, mjomba akanunua nakala tatu.

Siku ya nne ikapigwa simu kwa namba nisiyoijua. Sauti ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika habari ya reli?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu Nachingwea kwa nani?"

Nikamtajia jina la babu yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki miaka mingi. Mzee akanyamaza, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi na babu yako tulikuwa genge moja. Hao wang'oaji unaowatukana gazetini, mmoja wao ni babu yako."

Kwa kweli sikujua niseme nini. Nyumbani kwa babu kulikuwa na kipande cha reli, karibu na mlango wa jikoni, alikuwa anakitumia kama fuawe ya kunyooshea majembe na mapanga. Nimekikalia mara ngapi? Wala sikuwahi kuuliza kilifikaje pale.

Ndipo nikaanza kutafuta, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kuandika. Nilitumia siku zangu za mapumziko kwenye maktaba na nyaraka, na likizo mbili nilizitumia nyumbani, nikizunguka kwa wazee na daftari. Nitakueleza niliyoyapata, na mengine yaliniuma.

Kwanza, mji wenyewe. Nilikuwa nadhani Nachingwea ni mji wa kale. Vijiji vya Wamwera vilikuwapo eneo hili muda mrefu, hilo halina ubishi, lakini mji huu wenye barabara zilizonyooka na uwanja wa ndege mkubwa kuliko mahitaji yake ulizaliwa na karanga. Ndiyo, karanga hizi hizi za kutafuna. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, chakula kwao kilikuwa cha mgao. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa Company, Frank Samuel, akaleta wazo la kulima karanga Afrika kwa mashine. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na ujumbe ukarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilikuwa Tanganyika, na maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Urambo na huku kwetu.

Kazi ilianza 1947 huko Kongwa. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yalinunuliwa mbali kabisa huko Ufilipino, na yalifika yakiwa mabovu. Walifikia hatua ya kuchukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta! Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, karanga zikikomaa chini hazichimbuki. Mvua nayo ikakataa. Desemba 1947 vibarua wa Kongwa wakagoma, miezi michache baada ya mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Ukitaka habari yote ya kichekesho hicho kisome kitabu cha Alan Wood, The Groundnut Affair, cha mwaka 1950. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekufa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Nimejaribu kuwaza karanga zenyewe zilizopatikana zingeuzwa kwa bei gani ili kurudisha fedha hizo, nikaacha.

Huku Kusini tatizo la kwanza halikuwa udongo. Hapakuwa na bandari ya meli kubwa wala reli. Kwa hiyo wakaamua kujenga vyote viwili. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikapanda mpaka Nachingwea mwaka 1949. Kisha ikajengwa bandari mpya ya kina kirefu Mtwara, ikafunguliwa 1954, na reli ikaunganishwa nayo. Mwaka 1958 wakaongeza tawi la Masasi. Angalia miaka hiyo vizuri. Bandari inafunguliwa miaka mitatu baada ya karanga kufa! Ni kama mtu aliyejenga ghala kubwa, shamba likaungua, na yeye akaendelea kuezeka.

Reli yenye uwezo wa kubeba mavuno ya mamilioni ya ekari ikabaki inabeba korosho kidogo, ufuta, mbao na abiria. Iliendeshwa kwa hasara mwaka baada ya mwaka na shirika la reli la Afrika Mashariki. Ilifungwa mwaka 1962, na mwaka 1963 vyuma vikang'olewa.

Hapo ndipo makala yangu ilipovunjika. Niliandika kwamba Kusini iling'olewa reli kwa sababu ni Kusini. Lakini tawi la reli lililojengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa kwa ajili ya karanga hizo hizo nalo liliondolewa, tena miaka ya 1950, kabla ya uhuru, na Waingereza wenyewe. Kongwa si Kusini. Halafu kuna jambo ambalo lilinifanya nifunge daftari nikaenda kunywa chai. Mwaka 1962, kuanzia Januari mpaka Desemba, waziri mkuu wa Tanganyika hakuwa Nyerere. Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na aliyeshika nafasi yake ni Rashidi Mfaume Kawawa. Kawawa ni mtu wa Songea. Kama ni njama dhidi ya Kusini, basi mwaka reli ilipofungwa serikali iliongozwa na mtoto wa Kusini.

Nilipowasomea wazee haya pale Rahaleo, mmoja alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Sasa wewe umelipwa na nani?" Nikacheka, lakini nilimwelewa. Ukimnyang'anya mtu maelezo ya umaskini wake lazima umpe mengine. Na mimi nina mengine, ndiyo maana nikaomba uvumilivu wao, na wako pia.

Hesabu iliyoiua reli ilikuwa sahihi kwa mwaka 1962. Ila ilikuwa hesabu ya mtu anayeangalia karanga tu. Miti ya mikorosho ilikuwa inaendelea kupandwa Kusini kote katika miaka hiyo, na mkorosho hauzai kesho yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi, na miaka hiyo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa korosho duniani. Yaani miaka kumi baada ya kung'oa vyuma, mzigo ule waliousubiri ukafika! Ukakuta tuta limeota nyasi. Korosho ikasombwa kwa malori kwenye barabara za vumbi, na wakati wa masika malori yalikwama kwenye matope siku nyingi. Baadaye vijiji vya ujamaa vikawahamisha watu wakaacha mikorosho yao mbali, ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, na uzalishaji ukaporomoka vibaya mpaka miaka ya 1980.

Kwa hiyo sijafuta malalamiko yetu, nimeyasahihisha. Hakuna aliyetuibia. Watu walipiga hesabu ya faida ya reli kwa miaka michache, kuhusu mahali ambapo mti wa biashara unahitaji miaka mingi kukua, na wala hawakumuuliza mkulima wa Nachingwea amepanda nini. Sijui kama hilo ni afadhali kuliko wizi. Mwizi angalau anajua thamani ya alichochukua. Na miaka ya karibuni serikali imekuwa ikizungumzia reli mpya ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, nami ningependa wapiga hesabu wa safari hii wapite kwanza Stesheni.

Mashamba yale ya karanga nayo hayakukaa bure. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO walipewa sehemu ya eneo hilo, na Nachingwea ikawa kambi yao kubwa ya mafunzo, ikiwa na wakufunzi wa Kichina. Mwezi Mei 1975 Samora Machel alianzia safari yake Nachingwea, akavuka kwenda kuizunguka Msumbiji nzima mpaka Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni. Hilo nalo ni makala nyingine na nimeshaanza kukusanya. Bibi anakumbuka malori yaliyopita usiku na taa zikiwa zimezimwa, na kwamba ukiulizwa yanakwenda wapi unajibu hujui.

Bibi ndiye niliyemwacha mwisho, kwa sababu nilikuwa namwogopa. Nilikuwa nimemwita mumewe mwizi gazetini, hata kama sikujua. Nikamkuta anabangua korosho barazani. Nikakaa, nikamsomea ile makala ya zamani, halafu nikamweleza aliyoniambia yule mzee kwenye simu.

Akasema alijua siku ile ile makala ilipotoka, mjomba alimsomea. "Nikasema mwacheni, ni mtoto."

Nikamuuliza mbona babu hakuwahi kutusimulia. Akasema hakuona cha kujivunia. Alikuja kutoka upande wa Newala akiwa kijana kufuata kazi ya karanga, akakuta karanga zinakufa, akapata kibarua cha kutengeneza njia ya reli, akaipiga kazi hiyo miaka saba. Siku nyapara alipowaambia kazi iliyobaki ni kung'oa, wengine waliacha wakaenda mkonge wa Tanga. Yeye alikuwa ameshaoa, mimba ya kwanza ilikuwa tumboni. Akabaki. Kwa fedha ile alinunua baiskeli, na kwa baiskeli ile alimpeleka bibi hospitali ya misheni kumzaa mama yangu.

"Walikuwa wanang'oaje, bibi?"

Akaweka kisu chini. Akasema walianzia mwisho wa njia, huku juu, wakawa wanarudi kuelekea baharini. Treni inasimama, wanafungua vyuma vya nyuma yake, wanavipakia juu yake, inasogea mbele kidogo, wanafungua vingine. Jumamosi babu alikuwa anarudi nyumbani. Wiki ya kwanza alifika mchana. Wiki zilizofuata alifika jioni, halafu usiku, halafu akawa anakuja mara moja kwa mwezi, miguu imevimba. Kila walivyong'oa ndivyo kazi ilivyozidi kuwa mbali na nyumbani, na treni ya kumrudisha haikuwapo.