Kipakatalishi Bila wa Kukipakata

Nalipenda neno kipakatalishi. Waliolibuni walichukua kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani, wakakiunganisha na tarakilishi. Kwa Wakenya wengi neno hili lilianza kusikika sana mwaka 2013, wakati wa kampeni, muungano wa Jubilee ulipoahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa kipakatalishi.

Wapo waliocheka. Watoto wanasomea chini ya mti, leo mnawaletea kompyuta? Mimi kicheko kile sikukipenda. Mtoto wa shule ya kulipia kule Nairobi hakuna aliyemuuliza achague kati ya dawati na kompyuta. Ni mtoto wa maskini tu anayeambiwa asubiri kwanza.

Na akasubiri kweli. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya malalamiko na kesi, na mradi ulipoanza mwaka 2016 kipakatalishi kilikuwa kimepungua kikawa kishikwambi. Kazi ya kuviunda walipewa vyuo vikuu viwili, Moi na JKUAT, kimoja kikishirikiana na kampuni ya Ureno na kingine na ya Brazil. Shule za msingi zikavutiwa umeme, zile zilizo mbali na nyaya zikafungiwa sola. Hilo la umeme peke yake lingestahili makala yake. Baada ya miaka michache vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimesambazwa.

Sasa hebu tuulize: alipewa nani? Ilipewa shule. Mwalimu mkuu ndiye aliyetia sahihi, na kikiibiwa ndiye atakayeitwa kujieleza. Mwalimu mwenye akili timamu afanye nini? Alitia vyuma madirishani, akanunua kufuli kubwa, akafunga. Siwezi kumlaumu. Kifaa kikaja kuwa kitu cha somo moja, kinatolewa, kinahesabiwa, kinarudishwa.

Halafu ikaja tarehe 15 Machi 2020. Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Watoto wakaenda nyumbani, vishikwambi vikabaki kabatini.

Ploti niliyokuwa nikiishi, jirani yangu alikuwa na watoto watatu na simu moja. Simu yenyewe ilikuwa ya biashara. Mama anatoka nayo alfajiri kwenda sokoni, na wateja wanamlipa humohumo. Watoto waliipata usiku, kama bando limebaki na kama chaji ipo. Mkubwa alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, kwa hiyo wadogo walichungulia tu begani mwake.

Serikali haikukaa bure. Vipindi vya masomo vilirushwa kwenye redio za KBC na kwenye runinga. Redio haili bando, ndiyo uzuri wake, ila haimsubiri aliyebaki nyuma. Mwezi Julai yakaja maputo ya Loon, mradi wa kampuni mama ya Google na Telkom Kenya: maputo kama thelathini na tano yakielea kilomita ishirini juu, yakimwaga intaneti ya 4G hadi Baringo, Kericho na Narok. Jamani, maputo! Chini yake mtoto alihitaji bado simu inayoshika 4G. Januari 2021 mradi huo ukatangazwa kufungwa.

Uruguay walianza mapema. Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Villa Cardal, walianzisha mpango uitwao Ceibal, na kufikia mwisho wa 2009 kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa na kompyuta ndogo aliyoruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Zilivunjika? Nyingi tu. Lakini shule zao zilipofungwa Machi ileile ya 2020, mazoea ya kusoma kwa kompyuta nyumbani yalikuwapo tayari. Najua ni nchi ya watu milioni tatu na ushee, na uwezo wao si wetu. Ninachokitazama si bei. Wao walimwamini mtoto wa miaka sita kutembea na kifaa njiani. Sisi tuliamini kufuli.

Shule zetu zilifunguliwa kwa awamu. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne, pamoja na gredi ya nne. Wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Hao wa gredi ya nne wengi waliingia darasa la kwanza mwaka 2017, mradi ukiwa umepamba moto. Ni wao hasa waliokuwa wameahidiwa. Walikuwa wamekaa nyumbani karibu miezi saba, na kifaa kilichonunuliwa kwa ajili yao kilikuwa bado kwenye daftari la mali ya shule, na ufunguo ofisini.