Sauti Iliyolindwa na Jirani

Historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika imeitaja sana bunduki na kuisahau eriali. Lakini katika vita vile eriali ilifanya kazi mbili zilizopingana: ya kwanza ilipeleka sauti ya wapigania uhuru kwa wananchi wao, na ya pili ilimsaka aliyesema.

Tarehe 26 Juni 1963, Radio Freedom ya chama cha ANC ilisikika kwa mara ya kwanza. Hotuba ya Walter Sisulu, iliyokuwa imenaswa katika tepu, ilirushwa kutoka nyumba moja ya Parktown, Johannesburg. Haikurushwa kutoka shamba la Liliesleaf, Rivonia, yalikokuwa maficho ya viongozi. Tarehe 11 Julai polisi walilivamia shamba hilo, wakamkamata Sisulu na wenzake. Sauti ikazimika.

Tahadhari ile ya Parktown ilikuwa na sababu. Msakaji huizungusha eriali ya pete mpaka sauti ififie kabisa. Hapo bapa la pete huwa limeuelekea mtambo unaosakwa. Kituo kimoja humpa mstari tu katika ramani. Kituo cha pili, kikiwa mbali na cha kwanza, humpa mstari mwingine, na mistari inapokatana ndipo alipo mtangazaji. Kazi hiyo ina mipaka yake: kosa la nyuzi moja kwa umbali wa kilometa 300 humpotosha msakaji kwa kilometa 5 hivi. Usiku, mawimbi yanayorudi kutoka angani huihadaa pete, na ndiyo maana Mwingereza Adcock alibuni mwaka 1919 eriali ya jozi za milingoti iliyosimama wima. Lakini katika mji, mtambo mdogo unaosema kwa muda mrefu kutoka mahali pamoja hauwezi kusalimika.

Kwa hiyo wapigania uhuru waliihamishia sauti yao ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Radio Freedom ilisikika tena, safari hii kwa mitambo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Baadaye ikasikika pia kutoka Lusaka, Luanda, Antananarivo na Addis Ababa. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni takriban kilometa 2,500. Mtambo unaotawanya nguvu zake pande zote hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hizo baharini na porini. Eriali ya kuelekeza hupanga nyaya zake ili mawimbi yasaidiane upande mmoja na kufutana pande nyingine. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda angani, yakarudishwa chini mbali sana, kwa msikilizaji aliyefunga mlango na kupunguza sauti ya redio yake.

Makaburu hawakuhitaji tena pete ya kusakia, kwa maana mahali pa mtambo palijulikana na kila mtu. Walichobakiwa nacho ni kuvuruga matangazo, kumfunga msikilizaji, na kumtisha jirani aliyetoa mlingoti.

Silaha hiyo iligeuzwa pia dhidi ya majirani. Mwaka 1976 utawala wa walowezi wa Rhodesia ulianza kuirushia Msumbiji matangazo ya uchochezi kutoka Gwelo, yaliyojiita Sauti ya Afrika Huru. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, kituo hicho kilihamia Afrika Kusini, pamoja na Renamo waliokuwa wakikitumia.

Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji na Afrika Kusini zilitia saini Mapatano ya Nkomati. Humo vituo vya redio vya wapinzani vilitajwa pamoja na kambi na maghala ya silaha, kwamba viondolewe. Nyaraka zilizotekwa Gorongosa mwezi Agosti 1985 zilithibitisha kwamba Afrika Kusini iliendelea kuwasaidia Renamo kwa siri.

Askari wa ulinzi na wa usalama ana la kujifunza hapa. Anayesema hewani amekwisha kuonyesha alipo, hata kama maneno yake ni ya fumbo. Sauti ya ukombozi haikuokolewa na maficho. Iliokolewa na nchi jirani zilizokubali kuibeba hadharani, zikijua gharama yake.