Mlima Uliotobolewa Mashimo

Katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa maafa ninayosoma, historia ya Tanzania huanza na sheria: ya mwaka 1990 kuhusu uratibu wa misaada, kisha ya 2015, kisha ya 2022. Ukiifuata hivyo, utadhani kabla ya hapo watu walikaa tu wakisubiri janga. Kwetu ni Ukata, Mbinga, na huko somo hili lilianza zamani, tena kwa jembe.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walifika katika nchi ambayo leo ni Songea. Walikuwa na jeshi lililopangwa kwa vikosi, na majirani wengi walivamiwa na kutekwa. Wamatengo wakapanda milimani, upande wa Litembo, kwenye miteremko ambayo jeshi haliwezi kuipanda kwa kasi. Darasani tungesema wamehamia eneo salama.

Lakini kila kimbilio lina hatari yake. Watu walikuwa wengi na eneo dogo. Hawakuweza tena kuhamisha shamba kila udongo ulipochoka. Mvua za Mbinga hunyesha miezi mingi mfululizo. Ukilima sesa kwenye mteremko mkali kama ule, baada ya misimu michache udongo wako uko mtoni. Adui wa kwanza alikuja na mkuki, wakamkimbia. Wa pili alikuja na mawingu, na huyo hakuwa na pa kukimbiwa.

Jibu lao lilikuwa ngoro. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, kisha hupangwa shambani kwa mistari inayokatana kama wavu. Katikati ya kila mraba huchimbwa shimo, na udongo wake hufukia zile nyasi. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika mvua zijazo. Maji yakishuka huingia shimoni, yakatulia, yakaacha udongo, yakazama. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kwa mbali, mlima huonekana kama sega la nyuki.

Ngoro ilihitaji utaratibu wa watu pia. Ukoo ulishika ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwenye sengu, na hapo migogoro ilisikilizwa na mambo ya ukoo yakapangwa. Sheria za leo zingeiita kamati.

Hata hivyo, hadithi hii isipambwe. Waliokaa sengu walikuwa wanaume. Kufyeka na kupanga nyasi ilikuwa kazi yao. Kuchimba na kufukia, sehemu inayovunja mgongo, ilikuwa ya wanawake. Bibi yangu alichimba ngoro mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Majedwali ya hasara ninayofundishwa kuyajaza yana safu ya nyumba, mifugo na barabara. Mgongo ule hauna safu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Ngoro isingezuia mlima uliomeguka, sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba nchi nzima huliona janga likishatokea, ila shamba ambalo udongo wake haukuondoka haliripotiwi na mtu.

Ngoro haijengwi mara moja ikaisha. Hufumuliwa na kuchimbwa upya, na vijana wa kuichimba wanapungua. Wengine wamefuata biashara Songea, wengine kama mimi wamefuata shule. Ndiyo maana katika tasnifu yangu nataka ngoro ihesabiwe kama kinga dhidi ya maafa, sawa na daraja au mtaro, na mchimbaji wake awe na fungu katika bajeti. Mtaro wa mjini ukiziba, halmashauri humlipa mtu auzibue. Mashimo ya Mbinga yakifukiwa, tunamwachia bibi.