Utakaso: kazi ya Mungu inayomtia mtu kazini

Utakaso ni istilahi ya theolojia inayotaja kazi ambayo Mungu huifanya ndani ya mtu aliyekwisha kumwamini Kristo: kumtoa katika nguvu za dhambi na kumfananisha na Mwanawe. Makanisani neno hili tunalisikia katika sala na mahubiri, lakini ukiwauliza waumini linatofautianaje na wokovu au utakatifu, majibu yanapishana. Tofauti hiyo inagusa maisha. Aliyeokoka siku nyingi na bado anapambana na hasira au pombe anahitaji kujua kama vita hiyo ni dalili kwamba hakuokoka, au ndiyo kazi yenyewe inaendelea.

Neno la Kigiriki lililo nyuma ya istilahi hii ni hagiasmos, nalo limo mara 10 katika Agano Jipya. Wafasiri wa Union Version, Biblia iliyotoka kamili mwaka 1952, hawakulifunga katika neno moja. Katika Warumi 6 na 1 Wathesalonike 4:3 waliandika kutakaswa. Katika 1 Wakorintho 1:30 na Waebrania 12:14 wakaandika utakatifu. Msomaji wa Kiswahili hukutana hivyo na jambo moja kwa sura mbili: kazi inayofanywa, na hali inayopatikana kutokana na kazi hiyo.

Sarufi yetu inalieleza jambo hili vizuri. Nguo zikifuliwa zikawa safi, tunasema zimetakata. Takata ni kuwa safi. Takasa ni kufanya kitu kitakate, na hapo lazima awepo mtendaji. Mtu anapotakaswa, swali la kwanza ni nani anayemtakasa, na jibu la mitume ni Roho Mtakatifu. Lakini Waebrania 12:14 inawaagiza waumini wautafute utakatifu kwa bidii, kama mtu anayekimbiza kitu asikikose. Paulo anaziunganisha pande hizo mbili katika Wafilipi 2:12-13: mwamini anautimiza wokovu wake kwa hofu na kutetemeka, kwa sababu Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yake. Bidii ya mtu inatokana na kazi ya Mungu, wala haishindani nayo.

Lipo eneo moja ambalo takasa peke yake haitoshi. Hagios ya Kigiriki, na qadosh ya Kiebrania iliyoitangulia, hubeba pia maana ya kutengwa kwa ajili ya Mungu. Kikombe cha hekaluni hakikuwa na dhambi ya kuoshwa, lakini kilitakaswa, yaani kiliondolewa katika matumizi ya kila siku kikawa mali ya Mungu. Maana hiyo Kiswahili huitaja kwa kuweka wakfu, na wakfu ni neno la Kiarabu lililotufikia kupitia sheria ya Kiislamu. Mwalimu anayefundisha utakaso bila kuugusa wakfu atawafanya wasikilizaji wafikirie usafi tu. Paulo aliwaita Wakorintho watu waliotakaswa, na katika waraka uleule akawakemea kwa kushtakiana mahakamani na kwa kulewa kwenye meza ya Bwana. Walikuwa wamekwisha kuwa mali ya Mungu. Mwenendo wao ulikuwa bado haujafanana na mwenye mali.

Makanisa hayapimi istilahi hii kwa kipimo kimoja. Walutheri na warithi wengine wa Matengenezo huitenga na kuhesabiwa haki: Mungu humhesabia mtu haki kwa imani, kisha humtakasa maishani mwake mwote. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547, ulifundisha kwamba kufanywa mwenye haki ni msamaha pamoja na kutakaswa kwa mtu wa ndani. Ndiyo maana Mkatoliki huzungumzia neema ya utakaso anayoipokea katika ubatizo na kurudishiwa katika kitubio akiwa ameipoteza kwa dhambi ya mauti. John Wesley, katika kitabu chake cha mwaka 1766 kuhusu ukamilifu wa Kikristo, alifundisha kwamba upendo kwa Mungu unaweza kuujaza moyo hapahapa duniani. Makanisa yaliyofuata njia yake huuita utakaso kamili. Wanatofautiana kuhusu wakati na kiasi. Kwamba asiyebadilika kabisa ana sababu ya kuichunguza imani yake, wote wanakubaliana.

Upande wa vita dhidi ya dhambi una istilahi yake: kufisha dhambi. Imetoka katika Warumi 8:13 na Wakolosai 3:5, na John Owen aliiandikia kitabu kizima mwaka 1656, alipokuwa kiongozi wa Chuo Kikuu cha Oxford. Chukua mwenye duka anayejua kwamba mizani yake inapunja. Jumapili anatubu kwa machozi. Jumatatu anairekebisha. Jumatano bei ya jumla inapanda, faida inakonda, na mkono unaikumbuka mizani ya zamani. Kufisha ni kuinyima dhambi hiyo chakula siku hiyohiyo: kumweleza mkewe, kumwomba jirani aipime mizani mbele ya wateja, kuomba, kukubali faida ndogo. Wiki ijayo atairudia kazi hiyohiyo, na kuirudia si kushindwa.

Magazeti yetu yana neno la ukoo huuhuu: utakatishaji wa fedha haramu, ambao Tanzania iliutungia sheria mwaka 2006. Mtakatishaji huficha fedha ilikotoka ili ionekane halali, huku uchafu wake ukibaki palepale. Mtu anaweza kuitendea nafsi yake vivyo hivyo, akaipitisha dhambi katika utumishi, sadaka na lugha ya kilokole mpaka hakuna anayeuliza chanzo. Utakaso huanzia kwenye chanzo. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 hadi Kenya na Tanganyika, walilijua hilo. Kutembea nuruni kwao kulikuwa kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya wenzao, kisha kuwarudishia wenyewe walichoibiwa. Mtu aliyerudisha fedha kwa mwajiri wake alikuwa ameonyesha utakaso unafananaje mchana kweupe.

Basi tuseme wokovu kwa tendo zima la Mungu la kutukomboa, utakaso kwa kazi yake inayoendelea ndani yetu, utakatifu kwa hali anayotufikisha, wakfu kwa umiliki wake juu yetu, na kufisha kwa sehemu yetu ya kila siku. Na yule anayepambana na pombe aambiwe wazi: dhambi inayochukiwa, inayotajwa na kupigwa vita ni ushahidi kwamba Mtakasaji yuko kazini. Kinachopaswa kumtisha ni siku atakapoishi nayo kwa amani. Leo amtafute ndugu mmoja anayemwamini, amwambie ukweli, na waanze kuomba pamoja.