SOMO LA HISTORIA: SITI BINTI SAAD, ALIYEJIFUNZA UKUBWANI

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, hapo Mwanakwerekwe na kwingineko Unguja, kaeni vizuri tuanze somo letu. Leo tutazungumza juu ya maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Wakati ule utumwa ulikuwa haujafutwa. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1897. Wazee wake walikuwa maskini, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Shule hakupelekwa. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavibeba kwenda kuviuza mjini, huku akinadi kwa sauti nzuri.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Hesabuni umri wake: alikuwa amekwisha kupata miaka thelathini hivi. Wako wasemao kwamba mtu wa umri huo wakati wake wa kujifunza umepita. Siti hakusema hivyo. Alikutana na Ali Muhsin, fundi wa muziki, naye akamfundisha kuimba. Tena akajifunza kusoma Kurani kwa sauti na kutamka Kiarabu sawasawa.

Sasa tazameni alivyoitumia elimu hiyo. Taarab ilikuja Unguja zama za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la mfalme. Watu wengi waliweza kusikia sauti yake, lakini maana hawakuijua. Siti na wenzake, kama Subeit Ambar mpiga udi na Mbaruk Talsam, waliimba kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wavuvi na wauza vyungu.

Mwaka 1928 walipanda meli kwenda Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo zao katika santuri. Santuri hizo zilienea Afrika Mashariki. Mtu asiyejua hata herufi moja aliweza kukaa penye gramafoni akapata habari na mafunzo.

Mafunzo gani? Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi peke yake. Wimbo wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alikimbilia Bara, na waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Wanyonge hawakuwa na gazeti la kuandikia malalamiko yao. Wimbo ulikuwa gazeti lao.

Hakukosa wenye kumdharau. Walimcheka kwa asili yake, kwa sura yake, na kwa kuingia mjini amevaa kaniki. Yeye hakutukana. Aliwajibu kwa wimbo, akawaonyesha kuwa sura na nasaba si kitu mbele ya akili.

Siti alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Tanga, alionana naye, akamwuliza habari zake, akaziandika katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Mwaka 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walianzisha gazeti wakaliita Sauti ya Siti.

Ndugu zangu, lishikeni jambo hili. Wauza vyungu wa zamani walikuwa wengi, na bila shaka wengine waliimba vizuri. Leo hatuwajui. Siti tunamjua kwa sababu sauti yake ilitiwa katika santuri na maisha yake yakatiwa katika kitabu. Bibi zenu na babu zenu nao wana nyimbo na habari. Nani ataziandika, ila ninyi mnaojifunza kushika kalamu? Elimu haina mwisho, wala haina umri.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Siti alihamia mjini mwaka gani?
2. Kwa nini kuimba kwa Kiswahili kulikuwa jambo kubwa?
3. Taja mzee mmoja wa mtaani kwako ambaye habari zake zinafaa kuandikwa. Andika juu yake mistari mitatu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.